Gwaride Nililolisimamisha Ibra

Mwanangu Nassor,

Salaam alaykum kutoka kwa mtu uliyemwacha dukani saa hivi tu, udi aliokufukizia mama yako haujatoka hata kwenye mapazia. Najua utacheka. Utasema, baba yuko Ibra, mimi niko Ibra, kesho tunapanda pikap moja kwenda chuoni kwako Nizwa, sasa barua ya nini? Cheka, lakini soma. Wewe na mama yako mmekwenda Al Qabil kuwaaga wazee, mtarudi magharibi, na mimi najijua: nikikuona uso tu mdomo wangu unakimbilia mzaha. Kalamu haikimbii. Mtu aliyeishia darasa la nne, kalamu yake inakwenda kama punda aliyebebeshwa saruji.

Habari za kula, kulala, kufua na kusali sikuandikii. Mama yako anakwambia tangu Jumamosi, na samli amekutilia mara mbili kwa kudhani amesahau. Mimi yangu ni beni tu.

Kiongozi wa beni ya chuo! Wallahi nikilisema neno hili mwili unanisisimka. Tangu ulipotupa habari sijamwacha mtu. Kinyozi nimemwambia. Yule Mbaluchi wa matairi nimemwambia, akaniuliza beni ni kitu gani, nikamwigizia tarumbeta kwa mdomo na gwaride kwa miguu pale pale baina ya matairi yake. Jana kaja bwana mmoja kutoka Jalan anataka friji, nikaanza na habari zako kabla ya bei. Maskini akachoka, akanunua bila ya kupatana. Unaona? Hujashika hata fimbo, beni yako ishaniuzia friji.

Mama yako naye anafurahi, lakini furaha ya mama ina mlango wa nyuma. Mwaka wako wa kwanza hukuondoka hasa. Kila Alkhamisi napeleka bidhaa zangu Nizwa, nafika Bahla kuchukua mitungi, nikirudi nakupitia chuoni, unalala njia nzima kichwa dirishani, Ijumaa unakula wali wa nazi kwenu. Sasa mazoezi ni Ijumaa asubuhi. Ulipolisema hilo, mama yako aliweka kijiko.

"Kwa hivyo Alkhamisi haji tena?"

"Haji," nikamwambia. "Tutamwendea sisi, siku ya taifa, Idi l-Watani. Tutasimama barabarani tumpigie vigelegele."

"Wewe usimame," akasema. "Mimi nitakaa mbali nawe. Nakujua."

Ananijua kweli, na kwa nini ananijua ndiyo habari ninayotaka kukupa. Mchana wa leo uliniuliza jambo, na mimi nikakujibu habari za bei ya mbuzi. Nimeona ulivyoinamisha kichwa kwenye chano. Ulisema, "Baba, Khalfan nimfanye nini?" Nikasema mbuzi wa Sinaw mwaka huu wamepanda. Nisamehe. Swali lilikuwa zito na mimi mkono ulikuwa umejaa wali.

Wacha nilirudie nione kama nimelifahamu. Yule mwalimu wenu wa zamani, mpole, kila aliyevaa sare alitembea, ajue asijue. Kaondoka. Mahfudh aliyekuwa kiongozi wenu kamaliza masomo naye kaenda zake. Kaja mwalimu mpya, Mjordani, kaweka sharti lake: kila mtu asimame peke yake apige sehemu yake, na asiyeweza kuipiga peke yake haendi barabarani. Watu wote walidhani uongozi utakwenda kwa Khalfan, kwa kuwa alikuwa msaidizi wa Mahfudh na ndiye mwenye ngoma kubwa. Mwalimu kakupa wewe. Halafu Khalfan akajaribiwa akashindwa, akapewa nafasi nyengine keshokutwa Ijumaa, na mwalimu kasema safari hii kiongozi ndiye atakayesikiliza na ndiye atakayesema huyu ndani, huyu nje. Wewe huyo. Na Khalfan ni mtoto wa Hamed, na Hamed na mimi tunakula chano kimoja tangu siku tuliposhuka nchi hii ya Omani hatuna hata mkeka.

Ndivyo? Basi sikiliza.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Skuli ya mwanzo hapa ilipofunguliwa, nchi nzima ilikuwa mbichi, kila kitu kinaanza. Ikaja amri ya Idi l-Watani, kutakuwa na gwaride, na skuli itoe beni. Ala zikaja kwenye makasha kutoka Maskati, tarumbeta na ngoma zinang'aa, hakuna anayejua pa kutia mdomo. Watu wakaulizana nani anajua mambo haya? Mimi nilikuwa nimesimama pale nauza tochi. Nikasema, "Mimi nimeongoza beni Unguja."

Nassor, mimi Unguja nilipiga matuazi. Nilikuwa nyuma kabisa, nyuma yangu alikuwa mtu na baiskeli. Lakini neno lishatoka, na mimi neno likishatoka nalikimbiza mpaka nalifikia. Nikapewa vijana wa skuli, nikapewa uwanja, fimbo nikajitengenezea kwa mti wa fagio nikaizungushia karatasi za fedha za ndani ya masanduku ya chai. Ukiiona juani utasema ya mfalme.

Na nilikuwa na raha! Kila alasiri nafunga duka nakwenda kucheza. Vijana wakanipenda, na mimi nikawapenda, na hapo ndipo nilipoharibu. Kulikuwa na kijana mmoja, Hilal, mtoto wa muuza samli, mnene, mpole, anacheka na kila mtu. Alitaka ngoma kubwa, nikampa, maana hakuna mwengine aliyeweza kuibeba. Lakini mkono wake haukukaa. Mara mbele, mara nyuma, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyoijua. Mwalimu mmoja wa skuli, Ustadh Idris, Msudani mrefu kama mnara, aliniambia, "Ya Suleiman, yule hajaweza." Mimi nikamwambia, "Wacha, ustadh, mtoto atavunjika moyo." Nikamwita Hilal pembeni nikamwambia, "Wewe nyanyua mkono juu vizuri, ushushe polepole, usisikike. Tarumbeta zitakufunika."

Nikajiona nina huruma. Nilirudi nyumbani napiga mbinja.

Ikafika siku. Ibra yote iko barabarani. Wakubwa jukwaani, mimi mbele na fimbo yangu, vijana nyuma yangu, nyuma yao wapanda farasi, nyuma yao wazee na panga zao wanaimba razha, ngoma yao ya vita, nyuma yao kila mwenye miguu. Tunakwenda, mwanangu, tunakwenda uzuri mpaka machozi yananitoka. Tunafika mbele ya jukwaa, na kwenye kundi la wanawake anachomoza shangazi yangu Bi Thuwaiba, Mungu amrehemu, huyo aliyenilea.

Wewe umekulia huku, hujaiona Unguja, nikueleze. Kwetu mtu akipendezwa na mpigaji humtuza. Anamwendea na noti yake anambandika kipajini, na aliyetuzwa husimama amchezee yule mtu peke yake. Ukimpita mtu na noti mkononi umemtukana yeye na kizazi chake. Hiyo ndiyo adabu tuliyokuja nayo. Hakuna aliyetwambia kuwa gwaride si harusi.

Bi Thuwaiba huyo, anapiga vigelegele, "Mwanangu huyo! Mwanangu huyo!" Akanibandika noti kipajini kwa mate.

"Shangazi, niko kazini!"

"Kazi gani? Nichezee kidogo nikuone."

"Shangazi, wakubwa wanatazama!"

"Nao wacheze!"

Nikasimama. Ningefanya nini? Na vijana kitu kimoja nilikuwa nimewafundisha vizuri, kunitazama mimi. Nikasimama, wakasimama. Nikacheza. Nyuma farasi wakaja juu, farasi mmoja akaweka shingo begani kwa kijana wa mwisho akaanza kumla shada la kofia. Wazee wa panga wakadhani ndivyo ilivyopangwa, wakaongeza sauti. Jukwaani wakubwa wameziba midomo kwa vilemba. Mpaka hapo, Nassor, ni kichekesho, na ndicho wanachokisimulia watu mpaka leo nikipita sokoni, na mimi nacheka nao. Ila kuna kipande ambacho hawakisimulii.

Shangazi karidhika, karudi mahala pake. Sasa tuondoke. Beni iliyosimama inaondoshwa na nini? Wewe unajua kuliko mimi. Ngoma kubwa. Tarumbeta zote kimya, kila mtu kimya, ngoma kubwa ipige peke yake, miguu iifuate. Nikanyanyua fimbo nikamtazama Hilal.

Hilal kanitazama mimi.

Alinyanyua mkono juu, vizuri, kama nilivyomfundisha. Akaushusha polepole. Hakikusikika kitu. Akanyanyua tena, akapiga sasa, ikaenda mrama, miguu mingine ikaondoka mingine ikabaki, vijana wakagongana, wakasimama tena. Akapiga mara nyengine. Mrama. Na pale hapakuwa na tarumbeta ya kumfunika. Ibra nzima inamsikiliza yeye peke yake, na baba yake yuko mbele kabisa kavaa joho. Ustadh Idris akatoka kwenye mstari wa walimu, akamvua ngoma ile taratibu, akaivaa yeye, akapiga. Tukaondoka.

Hilal hakurudi tena kwenye beni. Leo ni mtu mzima, ana duka la kutengeneza redio, unalijua. Ananiamkia kwa adabu na chai ananipa. Lakini nimeona kwa macho yangu, watoto wa skuli wakipita na ngoma, huinuka akaufunga mlango. Hilo ndilo nililompa mimi kwa huruma yangu. Sikumwondoshea aibu, mwanangu, nilimwekea akiba mpaka siku kubwa kuliko zote.

Baada ya Idi Ustadh Idris alikuja dukani. Akakaa juu ya gunia la mchele, akanywa kahawa, akangoja mpaka wateja wote wakatoka. Ndiyo akasema, "Suleiman, uongozi nauchukua mimi." Akaniambia na sababu, neno kwa neno, ananitazama machoni. "Wewe unawapigia watu. Beni inaipigia miguu. Watu watashangilia waende makwao, miguu bado iko barabarani."

Nilihamaki! Nilimwambia sukari yangu asinunue tena. Akasema inshaallah. Kesho yake asubuhi kaja kununua sukari.

"Na kazi ninayo kwa ajili yako," akasema. "Kazi ambayo Ibra nzima haiwezi mtu isipokuwa wewe."

Unajua kazi gani? Kuwapotosha. Alasiri wakipiga gwaride, mimi nitembee pembeni na sahani ya halua, nifanye vituko, niwaite kwa majina. "Ali, mama yako anakwita!" "Said, kanzu imechanika nyuma!" Anayegeuza shingo anatoka, kesho ajaribu tena. Nakwenda na noti mkononi namkabili wa mbele kama Bi Thuwaiba, na wa mbele anipite kama mti. Siku za mwanzo waliniangukia wote kama maembe. Mwisho wa mwaka nikitembea kwa mikono, miguu juu, hakuna jicho lililonitazama. Na wewe ulikuwa ukinishikia sahani, halua unaila, nikidhani wamekula nzi. Idi ya pili ile beni ilipita mbele ya jukwaa kama maji ya mfereji wa falaji, na mimi niko pembeni nalia tena, bila ya noti kipajini. Sijapata kufurahi vile nilipokuwa kiongozi, wallahi.

Sasa ya leo. Mlipoondoka tu na mama yako, kaja Khalfan.

"Shikamoo, anko." Unajua tena watu waliotoka Mwanza kama kina Hamed, anko, anko.

"Marahaba. Umekuja kununua au kunisumbua?"

"Kukusumbua, anko."

"Afadhali umesema kweli. Kaa."

Hakukaa. Kashika sufuria, kaweka. Kashika nyengine. "Anko, Nassor atanitoa?"

"Mimi nauza sufuria. Habari za beni kamuulize mwenye beni."

"Zungumza naye, anko. Wewe ni babake, neno lako hatalikataa. Wazee wangu wameshawaambia watu watakuja Idi kuniona."

Nassor, neno lilikuwa hapa, ncha ya ulimi. Kwa sababu nampenda kijana yule, na kwa sababu baba yake, na kwa sababu mimi ni mtu wa kusema "hakuna taabu" hata nyumba ikiungua. Nikaona kama mkono wangu mwenyewe una noti na unakwenda kwenye kipaji chako.

"Siwezi, mwanangu," nikamwambia. "Nimesimamisha gwaride moja maishani mwangu, linatosha."

Halafu nikamgeuzia sufuria kubwa ile ya pilau, nikampa kijiko cha mti, nikamwambia, "Hebu nipigie." Kapiga. Na hapa ndipo nilipochangamka mpaka nikakalia mizani. Mkono wake si wa Hilal! Mkono anao. Kinachomtokea, pigo likimpendeza analikimbilia. Anaanza sawa sawa, akisikia raha anakwenda mbio. Mtu huyo ni mimi! Nilimtazama kama natazama picha yangu ya ujana, ila yeye ana nywele. Sikumwambia kitu. Si kazi yangu kumwambia. Ni yako.

Atatosha kwa Ijumaa? Sijui. Siwezi kukudanganya. Mimi nimesikia sufuria, wewe utasikia ngoma.

Basi kesho anapanda na sisi, nimeshamwambia, na ngoma ya mazoezi ya kuazima aitie nyuma. Tukifika Izki nitasimama ninywe chai, na pale kuna bwana anauza ndimu kavu nataka kupatana naye bei. Unanijua nikipatana bei. Nyinyi mtakuwa na wakati wa kutosha kupiga ngoma mpaka mitende ichoke. Msikilize. Akikimbia mwambie umekimbia, hapa na hapa. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, mkiwa wawili, asije akaisikia Ijumaa mbele ya watu wote. Na usimwambie "mwalimu kataka". Mwalimu hakuwepo kwenye chano chetu. Ustadh Idris angeweza kunitumia mtoto wa skuli na karatasi, mimi ningemchukia mpaka leo. Kaja mwenyewe, kakaa kwenye gunia, na ndiyo maana alipokufa nililia kama ndugu.

Na Ijumaa ukisikia mkono umekaa, mwambie ndani, na asiwepo mtu wa kusema umempendelea, maana wamemsikia wote. Ukisikia bado, mwambie nje. Nje kwa mwaka huu. Usimfiche nyuma ya tarumbeta. Na siku hiyo hiyo, jua halijazama, mtafutie kazi ambayo ni yeye tu anayeiweza, kazi ya kweli, si ya kumpoza. Ipi, sijui, wewe ndiye kiongozi. Mimi yangu ilikuwa halua.

Atakukasirikia. Huenda na Hamed akanikasirikia mimi, akala kwake siku chache. Wacha iwe. Mimi nitakwenda kwake kununua sukari.

Na wao wenyewe, vijana wako, siku za mwanzo watamtaka Mahfudh. Watasema Mahfudh hakufanya hivi, Mahfudh alikuwa hivi. Usimseme vibaya Mahfudh, na usijaribu kuwa Mahfudh. Mimi nilijaribu kuwa yule kiongozi wa beni ya Unguja niliyemtazama mgongo utoto wangu wote, nikajua mgongo wake tu.

Nasikia gari. Siyo nyinyi, ni la maji. Bora, nimalizie.

Idi nitakuja, na mama yako, yeye mbali nami kama alivyosema. Nimemwahidi mikono yangu itakaa mifukoni. Lakini mimi ni mtoto wa Bi Thuwaiba. Nikikuona unatokea kwenye kona ile ya ngome ya Nizwa, umevaa nyeupe, fimbo ya kweli mkononi, si ya fagio, na miguu yote ile nyuma yako inakwenda kwa mkono wako wewe, sijui nitafanya nini. Huenda nikachomoka. Huenda ukaniona mbele yako na noti, nacheza, nakwita kwa jina lako ulilokuwa ukiitwa utotoni.

Usisimame, baba. Usigeuze hata jicho. Kuna watu nyuma yako wanakutazama wewe.

Nipite. Mimi nitajua umeniona.

Baba yako,
Suleiman wa sufuria